Neno 'masafa' limebebeshwa mizigo miwili

Yapo maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa mizigo miwili inayovutana, na aumiaye ni mwanafunzi. Mojawapo ni 'masafa'. Kwa asili neno hili, tulilolipokea kutoka Kiarabu, maana yake ni umbali. Watangazaji wa redio walipotuambia kwamba wanasikika katika 'masafa mafupi' hawakupotoka: walirejelea urefu wa wimbi, yaani umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Lakini vituo vya FM navyo hututajia 'masafa' kwa hesabu ya megahezi, na megahezi haipimi umbali. Hupima wimbi hujirudia mara ngapi kwa sekunde.

Yamkini msomaji atauliza: hasara iko wapi, maadamu kila mtu hukipata kituo chake? Naam, kwa msikilizaji wa redio hasara ni ndogo. Kwa mwanasayansi si ndogo hata kidogo. Natoa mfano wa leza ya daiodi.

Leza hii, ambayo Robert Hall na wenzake waliidhihirisha nchini Marekani mwaka wa 1962, ni kipande kidogo cha nusukipitishi kinachotoa mwanga wa rangi moja mkondo wa umeme upitapo ndani yake. Wataalamu huitumia kutambua gesi, kwa kuwa kila gesi hufyonza mwanga wa marudio yake maalum na kuuacha mwingine upite. Methani, kwa mfano, hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,650 hivi, ambao hujirudia takriban mara trilioni 182 kwa sekunde. Mwanga huo ukipungua baada ya kupita hewani, methani ipo. Na kadiri unavyopungua ndivyo gesi ilivyo nyingi.

Ili kupima, sharti marudio ya leza yapitishwe polepole au upesi juu ya mahali hapo, mithili ya mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta kituo. Kubadilisha joto la leza nzima huchukua muda. Njia ya haraka ni kubadilisha mkondo wa umeme: ukiongezwa, kiini cha leza hupata joto papo hapo na marudio hushuka. Jambo hili laweza kufanywa maelfu ya mara kwa sekunde moja, na ni lazima liwe hivyo, kwa maana gesi iliyo ndani ya injini au mwali wa moto hubadilika kufumba na kufumbua. Hata gari la utafiti Curiosity, lililotua Mirihi mwaka wa 2012, lilibeba leza za kubadilishwa marudio ili kupima methani ya huko.

Sasa hebu tuyaseme hayo kwa neno 'masafa'. Mkondo ukiongezwa, urefu wa wimbi huongezeka ilhali marudio hupungua. Anayeviita vyote viwili 'masafa' atalazimika kusema kwamba masafa yameongezeka na kupungua kwa wakati mmoja! Mwanafunzi akisikia hayo atahitimisha kwamba Kiswahili hakiiwezi sayansi, kumbe kosa ni la wasanifu wa istilahi.

Wapo watakaosema kwamba lugha haiamrishwi. Nakubali, mtangazaji na aendelee na 'masafa' yake. Lakini vitabu na kamusi huandikwa kwa makusudi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Sisi Wakenya tulikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi katika Katiba ya mwaka wa 2010, lakini fizikia tungali tunaifundisha kwa Kiingereza.

Rai yangu ni nyepesi. Tuseme 'marudio' kwa idadi, 'urefu wa wimbi' kwa kipimo cha wimbi, na 'masafa' tuliachie umbali, liko kwao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, kwa sasa, ni wa neno moja tu.