Birika la Sifoni: Dakika Tatu Zinazolinda Jasho la Mkulima wa Kahawa

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga husubiri takriban miaka mitatu tangu apande mche hadi avune buni za kwanza. Zikiiva, huchuma zile nyekundu pekee, huzimenya, huzivundika, huziosha na kuzianika juani kwa siku kadhaa. Kazi yote hiyo inaweza kupotea jikoni kwa mlaji ndani ya dakika tatu tu, endapo maji yatakuwa na moto uliopitiliza au kahawa itaachwa ndani ya maji kwa muda mrefu kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo, namna ya kuandaa kahawa nyumbani si suala la anasa pekee. Tanzania huuza nje ya nchi sehemu kubwa ya kahawa inayozalisha, na unywaji wa ndani bado ni mdogo. Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao yake makuu mjini Moshi, imekuwa ikiwahamasisha wananchi kunywa kahawa ya nyumbani ili mkulima awe na soko la ndani asilotegemea bei ya dunia peke yake. Aidha, mwezi Februari 2025, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Tatu wa nchi 25 za Afrika zinazozalisha kahawa, ambapo ajira kwa vijana kupitia zao hilo ilikuwa miongoni mwa ajenda kuu. Hata hivyo, soko la ndani hujengwa kikombe kimoja baada ya kingine: mlaji aliyeonja kahawa iliyoharibiwa jikoni hana sababu ya kununua pakiti ya pili.

Kahawa si ngeni kwa Watanzania. Katika miji ya mwambao, kahawa ya dele husindikizwa na kashata barazani, na mkoani Kagera buni zilizochemshwa na kukaushwa hutafunwa na kukirimiwa wageni. Birika la sifoni ni njia nyingine inayozidi kufahamika duniani, nayo ina sifa ya pekee: kwa kuwa limetengenezwa kwa kioo, humwonesha mwandaaji kila hatua ya maji na kahawa.

Chombo hiki kilianza Ulaya katika miaka ya 1830. Mwanzoni mwa miaka ya 1840, Mfaransa wa mji wa Lyon aliyefahamika kwa jina la Madame Vassieux alipata hataza ya birika la vioo viwili vilivyopandana, umbo linalofanana na linalotumika hadi leo. Baadaye njia hiyo ilipata makao ya kudumu nchini Japani, ambako migahawa mingi ya kahawa bado huandaa kinywaji hicho mbele ya mteja.

Birika la sifoni lina sehemu kuu nne: tungi la kioo la chini linalowekwa maji; chombo cha kioo cha juu chenye mrija mrefu unaoshuka hadi karibu na kitako cha tungi; chujio la kitambaa au karatasi linalokaa juu ya mrija huo; na chanzo cha moto, ambacho mara nyingi ni taa ndogo ya spiriti. Mpira uliopo kati ya vyombo hivyo viwili huzuia hewa kupita.

Utendaji wake hufuata kanuni nyepesi ya sayansi. Maji yanapopata moto, mvuke huongezeka ndani ya tungi na kuyasukuma maji kupanda kupitia mrija hadi chombo cha juu. Moto unapoondolewa, tungi hupoa na mvuke hurudi kuwa maji. Nafasi uliyokuwa umeijaza hubaki karibu tupu, na mgandamizo wa hewa ya nje huisukuma kahawa ishuke kwa kupita kwenye chujio. Machicha hubaki juu, na kinywaji safi hukusanyika chini.

Kwa vikombe viwili, mwandaaji anahitaji mililita 300 za maji na gramu 20 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa unaokaribiana na chembe za sukari ya mezani. Maji yaliyokwisha kupashwa moto humiminwa kwenye tungi ili kuokoa muda na spiriti. Chombo cha juu huegeshwa kwanza bila kubanwa, kisha hukazwa maji yanapoanza kutoa mapovu. Maji yakishapanda, moto hupunguzwa, kahawa hutiwa na kukorogwa taratibu hadi unga wote ulowane. Kiasi kidogo cha maji kitakachosalia chini ni cha kawaida, na husaidia tungi lisiungue likiwa kavu.

Kahawa huachwa juu kwa dakika moja hadi moja na nusu. Baada ya hapo moto huzimwa, kahawa hukorogwa tena mara moja, na kushuka kwake huchukua chini ya dakika moja. Mapovu yanayotokea mwishoni ndani ya tungi ni ishara kwamba kazi imekamilika.

Umuhimu wa kuzingatia muda unatokana na namna kahawa inavyotoa ladha yake. Uchachu na harufu nzuri hutangulia, utamu hufuata, na uchungu mkali huja mwishoni. Kahawa iliyokatishwa mapema huwa nyepesi na kali kwa uchachu. Iliyopitiliza hufunikwa na uchungu, hata kama ilitoka kwenye shamba bora kabisa.

Mahali mwandaaji anapoishi pia pana athari. Katika Jiji la Dar es Salaam, maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi. Mbeya, iliyopo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi joto 94. Mkazi wa nyanda za juu anaweza kuongeza sekunde chache za kuloweka kahawa ili kupata ladha ile ile.

Usalama ni jambo la kuzingatiwa kwa uzito. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri mchana, hivyo taa isijazwe ikiwa inawaka au ingali ya moto, na petroli isitumike kamwe badala ya spiriti. Tungi lifutwe likauke kwa nje kabla ya kuwekwa kwenye moto, na likiwa la moto lisiwekwe juu ya sehemu yenye ubaridi au majimaji, kwani kioo kinaweza kupasuka. Watoto wasiachwe karibu. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba ya dharura 114 bila malipo.

Wakati wa kununua kahawa, mlaji anashauriwa kuangalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pamoja na tarehe zilizoandikwa kwenye pakiti. Daraja la AA linaloonekana kwenye baadhi ya pakiti linaeleza hasa ukubwa wa punje, na si ladha pekee. Daraja dogo zaidi lililokaangwa karibuni linaweza kutoa kikombe bora kuliko AA iliyokaa miezi mingi. Inapowezekana, inunuliwe kahawa ambayo haijasagwa na isagwe muda mfupi kabla ya kutumiwa, kwa kuwa harufu huanza kupotea mara baada ya kusagwa.

Kwa kaya isiyo na birika la sifoni, kanuni hizi zinatumika pia kwa sufuria na chujio la kawaida. Maji yakichemka, yaepuliwe na kuachwa kwa nusu dakika, kahawa itiwe kwa vipimo vile vile, ikorogwe, ifunikwe kwa dakika tatu hadi nne na kuchujwa mara moja bila kurudishwa jikoni. Muda huongezeka kwa sababu maji ya sufuria huendelea kupoa, ilhali ya sifoni hupata moto hadi mwisho. Kipimo, moto na muda vikizingatiwa, ladha iliyotunzwa tangu shambani humfikia mlaji ikiwa kamili, na pakiti ya pili hununuliwa kwa hiari.