Naina Devi: Hekalu la Macho Kando ya Ziwa

Katika Kisanskriti neno nayana lina maana ya jicho. Neno hilo limeshuka mpaka katika lugha za leo za kaskazini mwa Uhindi kwa sura ya nain au naina, na wakaaji wa milima ya Kumaon wamelitia katika jina la ziwa lao, Naini Tal, yaani ziwa la jicho. Mji ulioota kandokando ya ziwa hilo, katika jimbo la Uttarakhand, kwenye kimo cha mita 1,900 na zaidi juu ya bahari, huitwa vilevile Nainital. Kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa ndipo linaposimama hekalu la Naina Devi. Devi ni mungu wa kike. Kiswahili, kisichotofautisha jinsia katika ngeli zake, hulazimika kuongeza maneno mawili pale ambapo Kisanskriti hubadilisha irabu ya mwisho tu: deva, devi.

Kisa chenyewe ni hiki. Daksha, babaye Sati, alifanya sadaka kubwa akawaalika miungu wote isipokuwa Shiva, mume wa binti yake. Sati hakuweza kuvumilia dharau hiyo, akajitia motoni. Shiva akaichukua maiti mabegani, akawa anazunguka ulimwengu kwa majonzi mpaka viumbe vikaingiwa na hofu. Hapo Vishnu akaikata maiti vipande kwa gurudumu lake, na kila kipande kilipoanguka pakawa patakatifu. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni mahali 51. Macho, husema watu wa Nainital, yaliangukia hapa, na ziwa lenyewe lina umbo la jicho. Lakini huko Bilaspur, katika Himachal Pradesh, kuna Naina Devi mwingine, na wenyeji wake hudai macho hayohayo. Ugomvi huo huwasumbua wasomi kuliko mahujaji.

Mgeni aingiapo huvua viatu, hugonga kengele, kisha husogea mbele ya chumba cha ndani. Katikati hakuna sanamu ya mwanamke mzima: Devi huonyeshwa kwa macho mawili. Upande mmoja yuko Kali, upande wa pili Ganesh mwenye kichwa cha tembo. Mgeni hutoa maua au nazi, hupewa kidogo cha chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, hutoka. Yote yaweza kwisha kwa dakika chache, na mtu aliyezoea ibada ndefu za Jumapili aweza kudhani kwamba hakuna lililofanyika.

Lililofanyika linaitwa darshan, neno litokalo katika mzizi wenye maana ya kuona. Wafasiri wengi huandika «kumwona mungu», na tafsiri hiyo ni pungufu, kwa sababu mwenye kuja hekaluni huja pia ili aonwe. Hapa Kiswahili kina chombo ambacho lugha nyingi za Ulaya hazina: kiambishi -ana. Kuonana ni tendo la pande mbili kwa neno moja, na ndilo linalofaa. Mbele ya mungu ambaye sura yake ni macho matupu, tofauti ya kuona na kuonana si jambo dogo la sarufi.

Jina la jengo nalo lataka uangalifu. Wahindu husema mandir, yaani makao. Kanisa limetokana na mzizi wa Kisemiti wenye maana ya kukusanya, na msikiti ni mahali pa kusujudu. Majina yote mawili yanawahusu waabudu. Mandir inamhusu mwenye nyumba. Hekalu, ambalo kwa njia ya Kiarabu na Kiakadi hurudi hata kwenye maneno ya Kisumeri yenye maana ya nyumba kubwa, ndilo neno lililo karibu. Tena, Mhindi ni mtu wa Uhindi, awe Mwislamu, Mkristo au wa dini nyingine. Mhindu ni mfuasi wa dini hii. Watu wa pwani walizoea kumwita huyu wa pili Baniani, jina lililoanza kuwa la wafanyabiashara.

Je, hekalu hili ni la kale? Mahali ni pa kale katika mapokeo: Skanda Purana hulitaja ziwa kuwa lilichimbwa na wahenga watatu, Atri, Pulastya na Pulaha, walipokosa maji. Kuta si za kale. Mwaka 1841 mfanyabiashara Mwingereza wa sukari, Barron, alifika ziwani, na baada yake wazungu wakapanda kwa wingi kukimbia joto la nchi tambarare. Walikata miti na kuchimba miteremko ili wapate viwanja. Mwezi wa Septemba 1880 mvua ilinyesha karibu siku tatu bila kukatika. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 18 udongo ulibomoka nyuma ya hoteli moja ukawafukia watu kadhaa. Askari na wafanyakazi wakaja kuwafukua. Mchana, wakiwa bado wanachimba, mlima wenyewe uliporomoka, ukafukia hoteli, duka, jumba la mikutano na hekalu, na sehemu ya kifusi ikaingia ziwani. Walikufa watu 151. Hekalu lilijengwa upya mwaka 1883, na uwanja mpana ulio jirani nalo, ambapo vijana hucheza mpira, uliongezwa ukubwa na kifusi hicho.

Mtoto mmoja wa mji huo, Jim Corbett, aliyezaliwa 1875 akapata sifa kwa kuwinda chui na simba-marara waliokula watu, aliuacha mwaka 1947 akahamia Nyeri, Kenya, alikofia mwaka 1955.

Baada ya maafa serikali ya kikoloni ilichimba mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani. Mifereji hiyo bado inafanya kazi, ingawa takataka na majengo mapya huibana. Tangu 2007 hewa hupulizwa ndani ya ziwa kwa mabomba ili samaki wapate kupumua, na mwaka 2017 maji yalipungua sana kabla ya masika.

Kila mwaka, mwezi wa Agosti au Septemba, huja sikukuu ya Nanda Devi. Mafundi huenda kukata migomba, huileta mjini kwa maandamano, na kwa mashina yake hutengeneza sanamu za Nanda na Sunanda, zilizovikwa nguo na kuchorwa macho. Watu huja kuonana nao kwa siku chache. Siku ya mwisho sanamu huzungushwa mjini, kisha huzamishwa katika ziwa, lile lile ambalo mji huchota maji ya kunywa.