Masimulizi ya Mkimbizi kama Chombo cha Utafiti

Neno “utafiti” humletea mwanafunzi picha ya darubini, mizani na chupa za maabara. Hata hivyo, masimulizi ya maisha nayo ni data. Yakikusanywa kwa utaratibu, hufichua mambo ambayo hesabu peke yake haiyaonyeshi.

Tuchukue mfano. Mwezi wa Februari 2014 Rais wa Uganda alitia saini sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Mahakama ya Katiba iliibatilisha mwezi wa Agosti, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia Kenya. Huko nako mapenzi hayo yalikuwa kosa la jinai, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vinavyohusika. Wahenga walisema, “Mtu kwao.” Je, aliyekataliwa kwao atapata kwao wapi?

Kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1951, mwombaji wa hifadhi hana budi kueleza hofu ya kuteswa iliyomkimbiza. Ofisa huyapima maelezo yake: yanalingana? Yanasadikika? Aibu au kusahau huweza kudhaniwa kuwa uongo. Hapo msimulizi yumo katika hali ya mshtakiwa.

Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, Adriaan van Klinken na Johanna Stiebert, walifuata njia nyingine, iliyoelezwa katika kitabu chao cha mwaka 2021. Wakishirikiana na wakimbizi wa Uganda jijini Nairobi, walikusanya masimulizi ya maisha. Kisha wakimbizi walisoma pamoja na kuigiza hadithi mbili za Biblia: Danieli katika tundu la simba, na mwanamke aliyeponea kupigwa mawe.

Danieli alikuwa mateka huko Babeli, aliyehukumiwa kwa sheria iliyotungwa ili kumnasa. Kitabu kilichokuwa kikitumiwa kuwahukumu wakimbizi hao sasa kilibeba maisha yao. Hati humpa mkimbizi ruhusa ya kukaa. Kuwa na kwao huhitaji pia wasikilizaji wanaomtambua.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Mwanafunzi aliyechelewa na amweleze sababu mwalimu wa zamu, kisha rafiki yake. Tukio ni moja, masimulizi ni mawili. Kwa hiyo mtafiti, pamoja na maneno aliyoyasikia, sharti aandike yalisemwa mbele ya nani.