Kijana kapata leseni: je, bima ya gari ya nyumbani inamtambua?

Wazazi wengi wa Unguja tunapohisabu gharama za gari, tunahisabu mafuta, tairi na fundi. Bima huja mwisho, na mara nyingi tunaikata kwa kumwogopa trafiki, si kwa kuiogopa ajali. Halafu kijana anatimiza miaka 18, anapata leseni, na jioni anaomba ufunguo afike Fuoni mara moja. Ikiwa atamgonga mtu njiani, nani atalipa?

Kampuni za bima humhisabu mwenye leseni mpya kuwa dereva wa hatari kubwa, pamoja na aliyekwishapata ajali kadhaa na anayeshinda barabarani kutafuta riziki. Jamaa zetu walioko Uingereza wanalijua hili vizuri. Kule kijana wa miaka 18 anaweza kutajiwa bima inayozidi bei ya gari yenyewe, na kampuni nyengine humtaka afunge kifaa kinachopima mwendo wake na namna anavyokanyaga breki.

Kwetu sivyo. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria, haiulizi dereva ana umri gani. Bei yake hufuata aina ya gari na kazi inayofanya. Bara, kwa mfano, gari binafsi imezoeleka kukatiwa shilingi 118,000 kwa mwaka: laki moja ya bima na asilimia 18 ya VAT. Gari ya abiria hulipa zaidi.

Unafuu huo ndio unaotulaza usingizi. Bima ndogo humlipa mtu mwengine aliyeumia au warithi wa aliyefariki, na mali yake kwa kikomo kilichoandikwa ndani ya mkataba. Gari yenu iliyopondeka haimo. Mguu wa mwanao aliyekuwa akiendesha haumo pia. Familia hugundua haya ikiwa tayari iko Mnazi Mmoja, na hapo ndipo dhahabu ya mama inapoanza kutafutiwa mnunuzi.

Bima kubwa hulipa na gari yako. Kiwango kinachotajwa sana kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, kwa hiyo gari ya milioni 15 itakutoa kama shilingi 525,000 kabla ya kodi. Usiitaje thamani ndogo ili ulipe kidogo, maana siku ya ajali na fidia nayo hupunguzwa kwa kiasi hicho hicho.

Kijana anaonekana kwenye bima kubwa. Karibu kila mkataba una fungu ambalo mwenye gari hulibeba mwenyewe katika kila dai, mawakala huliita eksesi, na mikataba mingi huliongeza dereva akiwa na umri mdogo au leseni changa. Tuseme matengenezo ni milioni mbili na eksesi ya dereva mchanga ni laki tano: kampuni italipa milioni moja na nusu, laki tano zitatoka mfukoni mwako. Nenda kwa wakala na leseni ya kijana mkononi, mwambie huyu naye ataendesha, akuoneshe kwa maandishi eksesi yake ni kiasi gani. Muulize pia punguzo la kutodai, kwani mikwaruzo miwili ya mtoto inaweza kulifuta punguzo ulilolijenga kwa miaka.

Kwa maoni yangu, wanaohitaji kusikia zaidi ni wazazi walionunua pikipiki. Familia inachanga au inakopa, kijana anapewa chombo, naye anaanza kubeba abiria Darajani na Amani. Bima iliyokatwa ni ya pikipiki binafsi kwa sababu ilikuwa rahisi. Siku ya ajali kampuni itauliza chombo kilikuwa kikifanya kazi gani, na abiria atasema ukweli kwamba alilipa nauli. Hapo dai linaweza kukataliwa, au aliyeumia akalipwa kisha kampuni ikakugeukia wewe ikidai fedha zake. Mkopo wa pikipiki nao unaendelea kudaiwa. Ni hivyo hivyo kwa gari ya nyumbani inayokodishwa msimu wa wageni kupeleka watu Nungwi au Paje. Tofauti ya bei kati ya bima binafsi na ya biashara ni ndogo mno kuiwekea nyumba rehani.

Dereva asiye na leseni, au aliyelewa, ndiyo sababu ya kwanza ya dai kukataliwa. Na ukitaka kuvusha gari kwenda Pemba au Dar es Salaam, uliza kabla kama ikiwa juu ya maji bado inalindwa.

Wanaoona uzito na bima ya kawaida kwa sababu ya dini wana njia ya takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana. Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, lililoanzishwa mwaka 1969, nalo limeingia huko. Masharti ya dereva mchanga yapo hata kwenye takaful, kwa hiyo maswali ni yale yale.

Ukishalipa, usiridhike na karatasi. Ingia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa simu yako, andika namba ya usajili wa gari, uone kama bima ipo na inaisha lini. Wapo wanaouziwa bima hewa.

Mfundishe kijana na la kufanya akigonga: asimame, majeruhi asaidiwe, polisi waitwe, picha zipigwe, na kampuni ijulishwe siku ile ile. Asikubali kosa wala asiahidi malipo pale njiani, hata akizungukwa na watu. Majeruhi achukue fomu ya PF3 polisi, kwani madai huitegemea. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya mkataba na kila barua mliyoandikiana.