Mgongo wa Ngamia Juu ya Mto Naili

Kwetu Sangailu, katika nchi ya Ijara, ambako maji hutafutwa visimani na mvua hungojwa kwa dua, hakuna desturi ya mtu kufunga safari ili akatazame daraja. Na mimi mwenyewe, niliyevuka Tana pale Garissa mara nyingi bila kuinua macho, sikuijua ladha ya jambo hilo hata nilipofika Jinja, nchini Uganda, penye daraja la Mto Naili lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Kabla ya hapo magari yalipita juu ya boma la bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954.

Urefu wa daraja ni mita 525, na baina ya minara yake miwili pana mita 290 zisizo na nguzo hata moja. Nilisimama kitambo kirefu nikijiuliza: malori yote yale yanabebwa na nini?

Jawabu lilinijia nilipomkumbuka ngamia. Mchungaji anapohama hufunga mizigo ubavu huu na ubavu ule, na asipolinganisha uzito, shehena yote hupinduka. Basi mnara ndio mgongo wa ngamia, barabara ndiyo shehena, na kamba za chuma zinazoteremka mshazari kutoka kileleni, kulia na kushoto, ndizo kamba za mchungaji. Kila kamba huivuta barabara juu, na kwa kuwa imelala mshazari huivuta vilevile kuelekea mnarani, hata zege ikabanwa kutoka pande zote mbili. Na zege haichelei kubanwa, kinachoipasua ni kuvutwa. Kwa hiyo chuma kimepewa kazi ya kuvutwa, zege kazi ya kubanwa, na mnara hupokea uzito wote na kuushusha katika msingi. Ndiyo sababu madaraja ya namna hii aghalabu hujengwa kwa kuongeza kipande upande huu wa mnara na kipande upande wa pili, sawia, kama apakiavyo mtu mwenye busara.

Wengi huliita daraja la kuning'inia, nami siwalaumu. Ila lililo la kuning'inia hasa ni kama lile la Matadi, juu ya Mto Kongo, la mwaka 1983, lenye mita 520 baina ya minara. Huko kamba kuu hupita juu ya minara, ncha zake zikashikwa ardhini mfano wa kamba za hema vigingini, na barabara ikatundikwa kwa kamba ndogo zilizo wima.

Niliporudi nyumbani nikasimulia hayo barazani, mzee mmoja aliyemaliza ujana wake katika kupakia ngamia aliniuliza, "Na kamba moja ikikatika, mwanangu?" Nikamjibu kwamba wahandisi hupiga hesabu zao hivi kwamba kamba moja ikiondoka nyingine zihimili, na iliyochakaa hubadilishwa daraja likiwa limesimama. Akanyamaza, akitafakari, kisha akataka kujua ni nani apandaye kuzikagua, na baada ya siku ngapi.