Mtoto akianza kukosa shule, chunguza kabla ya kuchapa

Mwalimu wa darasa anapofungua rejista mwishoni mwa juma, haoni majina peke yake. Akiwa na macho ya kuangalia, huona pia mambo ya nyumbani. Siku ya soko, madawati mawili matatu huwa na nafasi, na wanaokosekana ni wale wale. Wiki ambayo shule imedai pesa za mtihani au za mlinzi, darasa hupungua kana kwamba kuna maradhi yaliyozuka kijijini. Na kuna msichana ambaye hukosa siku tatu au nne karibu kila mwezi, kisha hurudi akiwa amenyamaza.

Wazazi wengi hupata habari hizi wakiwa wamechelewa. Mtoto aliondoka nyumbani asubuhi akiwa na sare na mkoba, akarudi jioni na sare ile ile. Nani angedhani kwamba mchana kutwa alikuwa mtoni akivua samaki, au kituoni akiwaitia makanga abiria? Siku mwalimu mkuu anapomwita mzazi, baba hukata fimbo akiwa njiani. Mtoto huchapwa, hurudishwa shuleni akiwa ameshikwa mkono, hukaa wiki moja, halafu hutoroka tena. Majirani nao husema huenda karogwa.

Ni kweli wako watoto wakaidi, na hakuna mzazi anayehitaji kuambiwa hivyo na gazeti. Lakini ni wachache kuliko tunavyodhani. Aghalabu utoro huanza kwa sababu ndogo ambayo mtoto anaona haya kuisema, au hata yeye mwenyewe hajui namna ya kuisema.

Hebu tuchukue mfano wa Busia. Kuanzia mwaka 1998, wataalamu wawili wa uchumi kutoka Marekani, Michael Kremer na Edward Miguel, walifuatilia shule 75 za msingi katika eneo hilo. Zaidi ya watoto tisa kati ya kila kumi waliopimwa walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine. Katika shule zilizotangulia kupewa dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo zikilinganishwa na zile zilizokuwa bado zinangoja zamu yao. Wasomi wamebishana sana tangu hapo kuhusu hesabu za uchunguzi huo, kama ilivyo desturi yao. Hata hivyo, serikali ilianza kutoa dawa ya minyoo shuleni mwaka 2009, na mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliotuzwa Nobel ya uchumi. Kwa mzazi, jambo la kutia akilini ni kwamba watoto wale wa Busia hawakuhubiriwa wala kuchapwa. Walipewa tembe.

Tumbo lina habari nyingine pia. Waliosoma miaka ya themanini wanakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango uliotangazwa na Rais Moi mwaka 1979. Mwaka huo idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 3 hadi milioni 3.7. Sababu haikuwa maziwa pekee, kwa kuwa michango ya ujenzi nayo iliondolewa, lakini maziwa yalikuwa na sehemu yake. Huko Turkana na sehemu nyingine kame, walimu wanajua kwamba siku sufuria ya shule isipopanda motoni, darasa la alasiri huwa na wachache. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulipoanza mwaka 2023, mzazi alitakiwa kuchangia shilingi 5 tu kwa chakula cha mchana cha mtoto. Ikiwa shule ya mtoto wako haina chakula, mahindi yaliyochemshwa au kiazi kilichofungwa kwenye mfuko humzuia asirudi nyumbani saa sita. Anayerudi nyumbani saa sita akakuta jiko baridi huwa harudi shule siku hiyo.

Kuhusu wasichana, akina mama hawana haja ya kufafanuliwa, ila akina baba wanahitaji. Msichana ambaye hana sodo hukaa nyumbani kwa kuogopa kuchafuka na kuchekwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliitwika serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule za umma. Zinapofika ni afueni kubwa. Zisipofika, baba asione aibu kuziweka kwenye orodha ya vitu vya dukani pamoja na sukari na sabuni. Na katika mkutano wa wazazi, mtu ainuke aulize kama vyoo vya wasichana vina milango inayofungika na maji ya kunawa. Sodo bila mlango ni kazi nusu.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa mwandishi hataficha hasira yake. Shule inayomfukuza mtoto arudi nyumbani kuleta shilingi mia mbili inamfundisha utoro kwa mikono yake yenyewe. Mtoto hana mshahara. Akifika nyumbani hamkuti mzazi, kwa sababu mzazi ameenda kutafuta kibarua. Basi hukaa siku ya kwanza, ya pili, na kufikia ya tatu amekwisha kuonja utamu wa kuzurura.

Jambo hili si geni kwetu. Karo iliondolewa kwa madarasa manne ya chini mwaka 1974, lakini shule zikaleta ada za ujenzi ambazo mahali pengine zilizidi hata ile karo, na watoto wengi waliokuwa wameingia wakatoka. Karo ilipoondolewa tena katika shule za msingi za umma mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret. Hiyo ndiyo kiu iliyokuwapo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kwamba hata pale shule inaporuhusiwa kutoza michango, mtoto hawezi kunyimwa masomo kwa sababu haijalipwa. Mzazi anayeijua sheria hiyo anaweza kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kwa heshima, akaomba alipe kidogo kidogo.

Sheria hiyo hiyo ina upande wa mzazi. Asiyempeleka mtoto shule anaweza kushtakiwa. Lakini kabla ya hapo, mwalimu mkuu anatakiwa achunguze kwa nini mtoto hafiki, na asipopata sababu ya kuridhisha amwandikie mzazi. Neno ni kuchunguza. Na kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001, ingawa sote tunajua kwamba mahali pengine bado kinalia.

Kuna pia mtoto ambaye haonekani mtoro kabisa. Anafika kila siku, anaketi nyuma, anaitika jina lake, na masomo yanampita kama matatu iliyojaa. Mara nyingi chanzo ni siku chache alizokosa hapo awali. Alikuwa na malaria kwa siku tatu wakati wenzake wakifundishwa kugawanya kwa tarakimu mbili. Aliporudi, mwalimu alikuwa amesonga mbele, naye akaogopa kuuliza. Kila somo jipya likajengwa juu ya lile ambalo hakulipata. Mtoto wa namna hii ndiye mtoro wa mwaka ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mzazi atajuaje mapema? Usiulize "umesoma leo?" kwa maana jibu lake ni ndiyo hata kama alishinda mtoni. Fungua daftari lake la hesabu na la Kiswahili jioni ya Ijumaa, utazame tarehe. Watoto wetu hufundishwa kuandika tarehe juu ya kila kazi. Juma lenye siku tano za masomo halafu daftari lina tarehe mbili tu, hapo kuna jambo. Tazama pia alama za kalamu nyekundu. Kazi iliyoandikwa nusu ukurasa kisha ikaachwa, wiki baada ya wiki, inaonyesha mahali alipopotea. Hata mzazi ambaye hakubahatika kusoma anaweza kuhesabu tarehe, na mtoto akijua kwamba zinahesabiwa, hatazichezea sana.

Ukigundua pengo, mkalishe mtoto mahali ambapo ndugu zake hawasikii. Muulize ni somo gani linalomtia hofu, nani anayemsumbua njiani, anakaa na nani darasani. Usitarajie jibu siku ya kwanza. Wengi husema baada ya siku mbili tatu, wakiwa wanaosha vyombo au wanachunga ng'ombe nawe, si wakiwa wamesimamishwa mbele ya kiti cha baba.

Halafu ipo siku ya kurudi, ambayo wengi wetu huisahau. Mtoto aliyekosa wiki mbili akiingia darasani na mwalimu akasema, "Karibu mgeni," darasa zima hucheka, na kicheko hicho hutosha kumrudisha mtoni kesho yake. Nenda naye asubuhi hiyo, uonane na mwalimu wa darasa kabla ya kengele, umwombe jina la mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri ambaye anaweza kumwazima daftari anakili yaliyompita. Mwalimu naye ampe kazi ndogo siku hiyo hiyo, iwe ni kufuta ubao au kugawa vitabu.