"Must Not" Si "Si Lazima"

Kiingereza kina vitenzi visaidizi, kama can, may, must na should, ambavyo hutangulia kitenzi kikuu ili kuonyesha uwezo, ruhusa, lazima au shauri. Kila mwanafunzi hukutana navyo kwa kadiri ya elimu yake.

Anayeanza na ajue kwanza kwamba kitenzi kinachofuata hakibadiliki. Husemwa he can read, wala si he can to read au he can reads.

Aliyeendelea kidogo hana budi kujihadhari na must. Kwa Kiswahili, "si lazima" maana yake mtu ana hiari. Lakini must not si hiari, ni marufuku. Mgonjwa aliyepewa tetrasaiklini akiandikiwa You must not take this with milk, amekatazwa kuimeza pamoja na maziwa, kwa kuwa maziwa hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Penye hiari huandikwa need not au do not have to. Vivyo hivyo, anayetaka kumwarifu mwenzake kwamba si lazima aje kesho, akiandika You must not come tomorrow, amemkataza kufika.

Mwenye elimu zaidi na ajifunze adabu ya lugha: Could you help me? ina heshima kuliko Can you help me?

Basi, kabla ya kutia must katika barua, yafaa mwandishi ajiulize kama analazimisha, anakataza, au anaacha hiari.